Unguja Tena au Mafia? Ulinganisho kwa Anayeshuka Kutoka Mbeya Kwenda Kupumzika Kisiwani

Baridi ya Juni ikianza kuuma huku Mbeya, watu waliowahi kufika Unguja wakapapenda huanza kuulizana: turudi kule kule, au safari hii tujaribu Mafia? Wanaoniuliza mimi si watalii wa kukimbia huku na huko. Ni mwalimu aliyefunga muhula sauti imemkauka, muuguzi aliyetoka kwenye zamu za usiku mfululizo, mama wa Mwanjelwa ambaye mwaka mzima hajafunga duka hata Jumapili. Wanataka kulala, kula vizuri, kuoga bahari na kurudi wakiwa na nguvu. Kwa hiyo nalinganisha kwa kipimo hicho tu: ni wapi mtu anapumzika kweli, ukihesabu na njia ya kufika.

Hukumu yangu naiweka hapa mwanzoni ili asiye na muda asisome hadi chini. Mwenye wiki moja arudi Unguja anakokujua, ila asikae Nungwi. Achague kijiji kimoja cha mashariki, Jambiani kwa mfano, na asihame hapo. Mwenye siku kumi na kuendelea, tena anayejua kuogelea, Mafia itampa kitu ambacho Unguja haina. Mwenye siku nne au tano asivuke bahari kabisa, ateremke Matema kwenye Ziwa Nyasa. Sababu zenyewe ndizo zinazofuata, na ya kwanza ni barabara.

Njia ndiyo inayokula likizo

Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830. Basi la alfajiri linakufikisha stendi ya Magufuli pale Mbezi giza limeshaingia. Njiani kuna malori yanayopanda mlima Kitonga kwa mwendo wa kobe na kipande cha Hifadhi ya Mikumi ambako gari halitakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Unalala Dar, asubuhi unakwenda bandarini, na siku ya pili inakuwa imeshakatika. Ukihesabu na kurudi, likizo ya wiki moja inabaki siku tatu au nne za kupumzika.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, mwaka 2023, kuna njia iliyo bora kwa Unguja. Panda basi la jioni Mbeya, uingie Dar asubuhi, uchukue boti ya mchana. Kuvuka hadi Unguja ni kama saa mbili kwa boti ya mwendo kasi, na boti ziko kadhaa kwa siku kuanzia asubuhi hadi alasiri. Jioni hiyo hiyo unalala kisiwani. Usingizi wa kwenye basi si usingizi wa maana, hilo nakubali, lakini ni afadhali kuchoka usiku mmoja kuliko kupoteza siku nzima. Beba kitambulisho chako, cha NIDA au pasipoti, na kiwe karibu, kwa sababu tiketi ya boti inakatwa kwa jina lako na jina linakaguliwa.

Watu wa Iringa nao wamepata njia ambayo wengi hawajaizoea. Badala ya kushuka Kitonga, wanaweza kwenda Dodoma kwa barabara ya lami inayopita Mtera, kama kilomita 260, kisha wakachukua treni ya SGR hadi Dar es Salaam. Treni hiyo ilianza safari za Dodoma katikati ya 2024, na kwenye reli unakaa chini ya saa nne. Kituo chake cha Dar kiko katikati ya mji, si mbali na bandari. Hakuna Kitonga wala foleni ya Kibaha. Kwa mwenye wazazi wazee au watoto wadogo, mimi ningeichagua hii bila kusita.

Ndege kutoka Songwe inakata yote hayo kwa saa moja na dakika kadhaa. Msimu wa ukungu ndege huchelewa, kwa hiyo usipange boti inayoondoka muda mfupi baada ya ndege kutua. Acha nafasi ya nusu siku. TAZARA ni reli yenye mandhari ya kupendeza kushinda barabara, hasa mahandaki na mabonde kati ya Makambako na Mlimba, lakini inachukua karibu siku nzima au zaidi. Iache kwa safari ambayo treni yenyewe ndiyo likizo.

Sasa Mafia. Ukifika Dar una njia mbili. Ndege ndogo inaruka kama nusu saa hadi Kilindoni, na mzigo unaoruhusiwa ni mdogo, kwa hiyo lile begi la mchele wa Kyela la kumpelekea shangazi libaki. Njia ya pili ni ya wenyeji: gari kutoka Mbagala hadi Nyamisati, wilayani Kibiti kwenye delta ya Rufiji, halafu boti ya saa kadhaa hadi Kilindoni. Boti hiyo inafuata kujaa na kupwa kwa maji, kwa hiyo saa ya kuondoka leo si lazima iwe ya kesho. Bei yake ni rahisi sana ukilinganisha na ndege, ila kwa mtu aliyetoka Mbeya ni siku ya pili au ya tatu ya safari. Kwa wiki moja hailipi. Hapo ndipo Mafia inaposhindwa na Unguja, hata kama kwa utulivu inaishinda mbali.

Faida ya kurudi unakokujua

Watu wengi wanaona aibu kurudi mahali pamoja, wanadhani ni kukosa ubunifu. Mimi naona kinyume. Safari ya kwanza kisiwani ni ya macho: Mji Mkongwe, Forodhani usiku, kobe wa Changuu, shamba la viungo, kima punju wa Jozani, pomboo wa Kizimkazi. Unarudi na picha nyingi na miguu imevimba. Safari ya pili haina deni hilo. Unajua gari la kwenda kijijini linapatikana wapi, unajua nani anapika pweza laini, unajua chumba kipi kinapata upepo. Akili haifanyi kazi ya kuchagua kila saa, na uchovu mkubwa wa watu wa kazi zetu ni huo wa kuchagua na kuamua kuanzia asubuhi hadi usiku.

Halafu kuna kupokelewa. Katika vijiji vya Unguja mtu akirudi anakumbukwa. Mwenye nyumba ya wageni hakuulizi tena unakaa siku ngapi kabla hajakuuliza habari za baba na mama. Wewe unasema, "Shikamoo, bi mkubwa," yeye anaitika, "Marahaba, mwanangu, hamjambo huko bara?" na chai ya tangawizi imeshatengwa. Mafia watu ni wakarimu hivyo hivyo, lakini ukienda mara ya kwanza wewe bado ni mgeni, na mgeni huwa hajalegea.

Ila kurudi kuna mtego wake. Ukirudi Unguja kwa ratiba ya mara ya kwanza, Nungwi siku mbili, Paje siku mbili, mjini siku mbili, hujapumzika, umesafiri tu. Kaa mahali pamoja. Mji Mkongwe uupe usiku mmoja mwishoni, ule urojo, upite Darajani ununue viungo, ulale karibu na bandari.

Nungwi au Jambiani: yote ni maji

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wa milimani tunapokosea sana. Sisi tumezoea ziwa na mto. Maji tuliyoyaacha jioni tunayakuta asubuhi. Bahari ya Unguja inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa inafika mita tatu hadi nne kwenda juu. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje hadi Jambiani, sakafu ya bahari ni tambarare mpaka kwenye mwamba wa nje. Kwa hiyo maji yakipwa yanaondoka mbali sana, na mgeni aliyelipia chumba mbele ya bahari anaamka anakuta mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu, na bahari ni mstari wa povu kwa mbali. Wengine hukasirika wakahama siku hiyo hiyo kwenda Nungwi.

Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji hayaondoki mbali, unaogelea saa yoyote. Hiyo ndiyo sifa yao kubwa na ni sifa ya kweli. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hoteli zimesongamana, muziki unapigwa hadi usiku wa manane, na ufukweni hutembei hatua chache bila kuuziwa safari ya boti, picha au shanga. Vijana wanaotaka kucheza waende, watafurahi. Aliyechoka asiende.

Jambiani inahitaji ujue mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na hujaa karibu saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu: hayatoki mbali wala hayajai sana, na kujaa kwake huangukia asubuhi, karibu saa nne. Kila siku saa inasogea mbele kwa dakika kama 50. Ukishajua hayo, unachagua likizo kwa kalenda ya mwezi. Anayependa kuoga asubuhi kisha alale mchana afike mwezi ukiwa nusu. Anayependa kutembea asubuhi na kuoga jioni jua likiwa limepoa afike siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, na atapata na usiku mweupe wa kukaa nje.

Mimi napenda bamvua. Asubuhi maji yakitoka unavaa yeboyebo, unajifunga kitambaa kichwani, unaanza kutembea kuelekea kwenye mwamba. Maji yanafika kifundoni, mara magotini, ya vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Unapita mashamba ya mwani: vigingi vimesimikwa mistari mistari, kamba zimefungwa toka kigingi hadi kigingi, na kwenye kila kamba vimening'inia vichala vya mwani vya rangi ya kahawia na kijani. Wanawake wameketi ndani ya maji na nguo zao, wanafunga mbegu mpya moja moja kwa vipande vya uzi, wanaongea na kucheka. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na kimewapa wanawake wa pwani hii fedha zao wenyewe. Usiwapige picha bila kuomba, na usikanyage kamba. Tazama chini pia: kuna wale viumbe weusi wenye miba mirefu, ukiwakanyaga likizo yako imeishia hapo. Maji yakianza kurudi, geuka mara moja. Yanarudi haraka kuliko unavyodhani, na vijito vya ndani hujaa nyuma yako wakati wewe unaangalia mbele.

Kwa mtu asiyejua kuogelea, na huku kwetu ni wengi, matembezi haya ni zawadi kubwa. Anaingia baharini kilomita nzima bila kuogopa kuzama.

Mafia inatoa nini

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Rufiji. Sehemu yake ya kusini mashariki ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye kilomita za mraba 822. Ndani yake kuna matumbawe ambayo Unguja imeshayapoteza sehemu nyingi, na zaidi ya aina 400 za samaki. Ukivaa miwani ya maji na mrija ukainamisha uso, unaona ulimwengu mzima unaoendelea na shughuli zake. Kule Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, kuna uzuri pia, lakini unautazama kati ya boti nyingi na makelele.

Kisha kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni. Huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, akiogelea taratibu mdomo wazi, akichuja vidudu vidogo vya majini. Hamli mtu. Watafiti wamegundua kwamba wengine hawahami kabisa. Nje ya msimu huo huenda maji ya kina zaidi ambako boti haziwaoni. Hata asiyeogelea anaweza kumwona akiwa juu ya boti, maana hupita karibu kabisa na uso wa maji. Chagua nahodha anayezima injini mapema na anayekataa wageni kumgusa. Boti inayomkimbiza potwe, shuka usiipande tena.

Zaidi ya hapo Mafia ni kimya. Wageni wengi hukaa Utende, kwenye ghuba ya Chole. Unavuka kwa mashua hadi kisiwa kidogo cha Chole, unatembea chini ya miti ambako popo wakubwa wamening'inia mchana kutwa, unawakuta mafundi wa majahazi na shoka na tezo. Kwenye kisiwa jirani cha Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Katikati ya mwaka kasa huangua huko, na vifaranga wao hutambaa kuelekea baharini wageni wakiwa wamesimama pembeni kimya.

Lakini niseme wazi kitu ambacho picha hazionyeshi. Utende si Nungwi. Ufukwe wake una mikoko na matope maji yakipwa, na ule mchanga mweupe mrefu wa Unguja huupati mlangoni. Unaupata kwenye mafungu ya mchanga katikati ya bahari, na kufika huko ni kwa boti. Kwa maneno mengine, raha ya Mafia iko majini. Asiyeogelea na asiyependa boti atakaa barazani siku ya pili akijiuliza alifuata nini. Na ndani ya hifadhi kuna ada ya kila siku; Mtanzania analipa kwa shilingi na ni kidogo kuliko ya mgeni wa nje, ila iweke kwenye hesabu. Kilindoni mjini kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida, samaki wa kuchoma na wali wa nazi wa kutosha; ni kisiwa cha minazi tangu zamani.

Mwezi gani

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Pwani ina misimu miwili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Tofauti hii ina faida kwetu. Januari na Februari, wakati Mbeya na Njombe kunanyesha na matope yamejaa, visiwani ni kavu, upepo ni kaskazi, bahari imetulia na maji yana joto. Juni hadi Agosti, wakati Makete kuna sakitu asubuhi, visiwani kuna jua la wastani na upepo wa kusi.

Kusi ndiyo ya kuangalia. Inavuma kutoka kusini na kusini mashariki, na pwani ya mashariki ya Unguja inaipokea usoni. Jambiani ya Julai ina upepo wa kurusha kofia, ndiyo maana wale wa kuteleza majini na matanga ya angani wanajazana Paje. Binafsi naupenda upepo huo, unafukuza mbu na unalalisha. Anayetaka bahari iliyotulia asubiri Septemba na mwanzo wa Oktoba, kusi ikilegea. Kwa mkulima huo ndio wakati mzuri kuliko wote: mahindi yameshauzwa na shamba halijaanza kudai. Walimu wana Juni au Desemba, na kati ya hiyo miwili ni Juni, kwa sababu mwisho wa Desemba bei za vyumba Unguja hupanda sana. Aprili na Mei bei huporomoka, lakini mvua ni ya kweli, na hoteli kadhaa hufungwa visiwa vyote viwili.

Tazama na Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2026 na 2027 inaanza Februari, katikati ya msimu mzuri. Kwenda siyo vibaya, na futari ya Unguja ni jambo la kulishuhudia, lakini mchana migahawa mingi ya wenyeji imefungwa na huli hadharani. Siku zote ukitoka ufukweni kuingia kijijini, funika mabega na magoti.

Mwili wa mtu wa milimani

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hadi pwani siku moja, joto na unyevu vinakupiga: siku mbili za kwanza unalala hovyo, miguu inavimba kwa kukaa kwenye basi, kichwa kinauma. Kunywa maji na madafu, usipange chochote siku hizo. Hii nayo ni sababu ya kutokwenda kisiwani kwa siku nne, maana mwili unazoea siku ya kurudi.

La muhimu zaidi ni malaria. Njombe na Iringa ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, na aliyekulia huko hana kinga ya mtu wa pwani. Zanzibar imepunguza malaria kwa kiasi kikubwa, Mafia iko kwenye mkoa wenye malaria zaidi ya kwetu. Kote lala ndani ya chandarua, na uulize kabla ya kulipia chumba kama kipo na hakijatoboka. Homa ikikushika wiki moja au mbili baada ya kurudi, nenda kapime na umwambie mhudumu kwamba ulikuwa pwani. Usikae nyumbani ukidhani ni mafua ya baridi.

Matema, na neno juu ya Pemba

Matema si kisiwa, na sitasema ni sawa na bahari. Lakini kwa siku nne hakuna kinachoishinda. Unapanda gari Nanenane asubuhi, unapita Tukuyu na migomba yake, unateremka Kyela, unakata kupitia Ipinda, na alasiri uko ufukweni, Milima ya Livingstone imesimama juu ya maji. Hakuna kupwa wala kujaa. Maji ni baridi ya kuburudisha, samaki wa ziwa wapo, na ukipata Jumamosi utakuta vyungu vya Wakisi vikiuzwa Lyulilo. Kaa mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, uliza wenyeji pa kuogea, na kichocho ukipime ukirudi. Aprili na Mei Kyela inanyesha sana; nenda Juni hadi Oktoba. Chandarua ni lazima, Kyela si Mbeya mjini.

Pemba naipenda kwa mikarafuu yake, vilima na fukwe kama Vumawimbi ambako unaweza kutembea asubuhi nzima peke yako. Lakini kwa aliyetoka Mbeya ni siku nyingine ya boti juu ya zile za Unguja, na vyumba vya ufukweni vya bei ya kati ni vichache. Ni ya mwenye wiki mbili.

Kuhusu fedha, usilinganishe bei ya chumba peke yake. Unguja vyumba vina bei ya kila aina, na ukisema wewe ni Mtanzania mara nyingi kuna bei yako, uiulize kabla hujaweka begi chini. Mafia kinachokula fedha ni ndege na boti za kila siku. Familia ya watu wanne itakaa Jambiani kwa raha kwa fedha ambayo Mafia itaishia kwenye tiketi na safari za majini.

Kurudi kupange kwa uangalifu ule ule. Boti ya asubuhi kutoka Unguja na basi la jioni kutoka Mbezi vinaoana vizuri; boti ya jioni na basi la usiku huo huo ni kujitafutia presha, bahari ikichafuka kidogo tu umekwama. Ukichagua basi la alfajiri, utafika Makambako jioni jua linazama, na hapo ndipo wanaotoka pwani na fulana nyepesi wanapoanza kutetemeka. Sweta na soksi zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye buti la gari. Na ombi la likizo ukiliandika, ongeza siku moja ya kukaa nyumbani kabla ya kuripoti kazini.